Mume wangu ni askari, hataki kumwona daktari wa akili. Nimwambieje?

Swali: Shikamoo dada. Mume wangu ni dereva wa malori katika Jeshi la Marekani, tuko Texas. Alikuja huku kwa bahati nasibu ya viza, akajiunga na jeshi, uraia akaupatia humohumo jeshini. Ana miaka mitatu na nusu kazini. Mwaka jana alirudi kutoka Iraq na tangu hapo halali chumbani. Analala kwenye kochi na viatu vyake, anaweweseka, saa tisa usiku anaamka kukagua milango. Juzi mfuniko wa sufuria ulinidondoka jikoni, akajitupa chini kifudifudi mbele ya watoto. Kisha akatoka, akakaa kwenye gari mpaka giza likaingia. Bia nazo zimeongezeka. Nikimwambia aende hospitali ya kambini anasema, "Unataka nifukuzwe? Unataka nirudishwe nyumbani kama mwendawazimu?" Nilimpigia kaka yake Moshi, akaniambia nizidishe maombi. Nifanyeje akubali? – Mama Neema

Jibu: Marahaba, Mama Neema. Pole wewe, na pole kwa shemeji.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye maneno yake: "Unataka nifukuzwe?" Mwingine angesoma hapo ukaidi wa kiume. Mimi naona mtu aliyekwisha kupiga hesabu. Hakukwambia kwamba ni mzima, wala hakusema unamzulia. Amekutajia bei ya kwenda kwa daktari kama anavyoijua yeye: kazi, karatasi, na heshima yake huko Moshi. Kwamba anaumwa, analijua kuliko wewe, maana ndiye anayeamka saa tisa. Anachokosa ni bei ya kweli. Hiyo ndiyo unayoweza kumpelekea.

Nasema hivi kwa sababu nilikosea sana nilipoanza kazi hii ya kutibu askari na familia zao. Wake zao wakija nilikuwa nawapa vipeperushi vya dalili: jinamizi, kushtuka, hasira, kujitenga. Siku moja mume wa mmoja wao akaja mwenyewe. Alikuwa amekikunja kile kipeperushi mara nne, akakiweka mezani kwangu akasema, "Mama, yote haya ninayo. Sasa nani atalipa nyumba?" Akaondoka. Tangu siku ile sianzi tena na dalili.

Kwanza ujue kwamba kunyamaza kwake amefunzwa. Askari akirudi kutoka misheni hujaza fomu ya afya, na baada ya miezi mitatu hadi sita hujaza nyingine. Zinauliza kila kitu: unaota ndoto mbaya, unashtuka ovyo, umewahi kufikiria kujiua. Lakini kwenye foleni ile kila mtu anajua kuwa atakayejibu "ndiyo" atazuiwa kwa mahojiano huku wenzake wanakwenda kuwakumbatia watoto wao. Wanajibu "hapana", wanakwenda nyumbani. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa askari wa brigedi moja ya Marekani waliorudi Iraq. Walipojaza fomu isiyo na majina, waliotaja sonona, kiwewe cha vita (PTSD) na mawazo ya kujiua waliongezeka mara 2 hadi 4 kuliko kwenye fomu ya kawaida. Na utafiti mkubwa zaidi wa 2004, wa waliorudi Iraq na Afghanistan, ulikuta kwamba kati ya wale ambao majibu yao yalionyesha wana tatizo, waliotafuta msaada walikuwa asilimia 23 hadi 40 tu. Hao wenye tatizo ndio walioogopa aibu zaidi, mara mbili ya wenzao walio wazima. Kwa hiyo usimwone mumeo kama kichwa kigumu cha peke yake.

Sasa tuje kwenye bei, moja baada ya nyingine. Uchukue tu zile zinazomhusu.

Kufukuzwa. Kwenda kliniki ya afya ya akili hakumfukuzi mtu jeshini. Wapo masajenti wengi, na maofisa, wanaohudhuria kila wiki huku wanaendelea na kazi. Lakini usimwambie "hakuna kitakachobadilika", kwa sababu askari hunusa uongo upesi. Akianzishiwa dawa, anaweza kutakiwa atulie nayo kwa miezi 3 kabla ya kupelekwa misheni nyingine. Na ikitokea ugonjwa umezidi hadi hawezi tena kazi ya uaskari, kuna bodi ya madaktari. Askari aliyeachishwa kwa njia hiyo kwa sababu ya kiwewe alichokipata vitani hupewa kiwango cha ulemavu kisichopungua asilimia 50 kwa kuanzia, pamoja na malipo na matibabu. Hiyo ni njia ndefu na wengi hawafiki huko. Naitaja kwa sababu yeye anaogopa kurudishwa nyumbani mikono mitupu.

Kibali cha kuona habari za siri za serikali, kama kazi yake inakitaka. Fomu ya kukiomba, ile SF-86, ina kifungu cha 21 kinachouliza habari za akili, na askari wa zamani bado wanawatisha vijana kwa kifungu hicho. Kilishabadilishwa zaidi ya mara moja. Tangu 2008 ushauri nasaha wa mambo ya vita uliondolewa kwenye maswali, na baadaye swali lote likaandikwa upya. Sasa linauliza juu ya amri za mahakama, kulazwa, magonjwa machache mazito yaliyotajwa kwa majina, na hali inayoharibu uamuzi wa mtu. Kuzungumza na mtaalamu kuhusu usingizi na jinamizi hakumnyimi mtu kibali.

Uraia. Hapa nitakaa kidogo, maana nadhani ndipo moyo wake ulipo, hata kama hajakitaja kwa jina. Askari wahamiaji wengi niliowahudumia, Watanzania, Wakenya, Wakongo, wana hofu hii na hawamwambii daktari Mmarekani, ambaye wala haiwazi. Hofu yenyewe ina mzizi wa kweli. Uraia uliopatikana kwa njia ya jeshi unaweza kufutwa ikiwa mtu ataachishwa katika hali isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi mwema. Shemeji ana mitatu na nusu. Lakini tazama kinachomfikisha mtu huko. Ugonjwa haumfikishi, kuachishwa kwa sababu za afya ni mlango mwingine kabisa. Kinachomfikisha ni makosa: kukamatwa akiendesha amelewa, kupigana, kutoroka kazini, kukutwa na dawa za kulevya kwenye mkojo. Na hayo ndiyo yanayomjia askari asiyelala, anayezima kichwa kwa bia. Nimewaona wawili waliokimbia kliniki ili kulinda karatasi zao, na miezi michache baadaye wakasimama mbele ya kamanda kwa kesi ya ulevi. Mumeo anadhani daktari ndiye tishio kwa pasipoti yake, na zile bia anaziona pumziko. Umwambie hivyo hivyo, taratibu, mara moja tu. Akitaka uhakika juu ya karatasi zake mwenyewe, kambini kuna ofisi ya msaada wa kisheria, wanasheria wake hawalipishi. Mwende mkaulize.

Kisha swali la nani ataambiwa. Kanuni za jeshi zinamtaka mtaalamu asimpelekee kamanda habari za mgonjwa isipokuwa katika hali zilizotajwa: akiwa hatarini kujidhuru au kumdhuru mtu, hali yake ikihatarisha kazi ya kikosi, akilazwa, akiingia rasmi matibabu ya ulevi au dawa za kulevya, akiwa kwenye kazi maalumu kama za silaha za nyuklia, na nyingine chache za namna hiyo. Hata hapo, kamanda anapewa kile anachohitaji kujua, haletewi faili. Askari akiingia chumbani kwangu, kabla hajaketi sawasawa namsomea mipaka hii yote. Shemeji anayo haki ya kumuuliza mtaalamu yeyote swali hilo kabla hajafungua mdomo: "Nikikuambia, nani mwingine atajua?" Mfundishe swali hilo. Linampa mtu nguvu kidogo mikononi, na anayejibu kwa kubabaika amejitambulisha.

Imebaki heshima, "kama mwendawazimu". Hapa Mmarekani hawezi kukusaidia, ni yetu wenyewe. Tumekulia mahali ambapo mtu akisema "huyu wa Mirembe" watu wote wanacheka, na Kenya wanasema "Mathari". Daktari wa akili kwetu ni wa anayeokota makopo sokoni. Mumeo akisikia "afya ya akili" haoni kliniki yenye kiyoyozi, anaona yule mtu wa sokoni, na anaona mama yake akiambiwa habari hizo kanisani. Kwa hiyo acha kulitumia neno hilo kwa sasa. Hulihitaji.

Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, askari wa jeshi la mkoloni Mwingereza, King's African Rifles. Alipigana Burma mwaka 1944, na askari wa Afrika Mashariki walioteremka bonde la Kabaw kwenye mvua na matope. Aliporudi Muheza alilala barazani, mgongo ukutani, panga kando, mpaka alipofariki. Watu walisema ana mashetani ya Wajapani. Waliitwa waganga, ubani ukafukizwa, ngoma ikapigwa. Jina la ugonjwa wake liliingia kwenye vitabu vya madaktari mwaka 1980, yeye keshazikwa. Ninachokikumbuka sana ni bibi. Alfajiri akimpelekea chai alianza kukohoa hatua tano kabla hajafika, asije akamshtua. Hakuna aliyemfundisha. Nawe fanya kama bibi: usimguse akiwa usingizini, simama upande wa miguu umwite jina, uwafundishe na watoto. Na lile la sufuria, waambie Neema na wenzake kwa maneno mafupi: "Baba alikuwa mahali penye milio ya hatari, mwili wake bado haujajua kwamba amefika nyumbani." Watoto wakiachwa bila maelezo huamini wao ndio wamemkasirisha baba.

Sasa namna ya kumwambia. Usichague usiku, wala baada ya bia, wala baada ya tukio kama lile la jikoni, kwa sababu saa hiyo ana aibu na mtu mwenye aibu hasikii. Chagua asubuhi ya siku asiyokwenda kazini, mkitembea. Macho yakitazama mbele, mwanamume huzungumza zaidi kuliko akikaliwa mezani uso kwa uso. Anza na usingizi. Usingizi hauna aibu, hata jenerali hukosa usingizi. Mwambie kitu kama hiki: "Baba Neema, tangu urudi hujalala usiku mzima hata mara moja. Sitaki uache kazi. Nataka ulale. Kuna mtu anayetibu usingizi wa madereva waliotoka huko ulikokuwa, na nimeulizia, kwenda kwake hakumfukuzishi mtu kazi. Nitakwenda na wewe." Kisha nyamaza. Utatamani kuongeza na kueleza, kumtajia watoto na kulia. Nyamaza. Akisema "tutaona", umepata. Usiombe ahadi siku hiyo.

Usimtupie ile methali ya mficha maradhi, anaijua tangu darasa la tatu. Usimlinganishe na mume wa fulani. Na tafadhali usiliandike hili kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa Texas, hata kama ni la maombi, hata kama utasema "kuna ndugu mmoja". Mnajulikana. Siku atakapogundua, mlango huo utafungwa kwa miaka.

Na usiende kumpigia kamanda wake nyuma ya mgongo wake. Kuna wakati mmoja tu wa kufanya hivyo, nitakuja kuusema.

Anayeweza kukusaidia kuliko mimi ni askari mwenzake aliyekwishapita njia hiyo. Niliwahi kumtibu sajenti mmoja, Mkenya, ambaye hakuitika kwa mke wala mchungaji, wala kwangu kwa simu. Aliitika pale sajenti mkuu wa zamani, mtu wa vita tatu, alipomwambia kwenye nyama choma, huku anageuza mbavu, "Mimi nilikwenda Jumanne saa nane kwa miezi mitatu. Nilikuwa nasema nina mazoezi ya goti." Akacheka, akaendelea kugeuza nyama. Wiki iliyofuata yule Mkenya alikuwa kwenye benchi langu. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asijulikane, na ameniruhusu kuyasimulia.) Fikiri kama mumeo ana mtu wa namna hiyo, anayemheshimu kikosini au kanisani. Huhitaji kumweleza mengi. Mwombe amwalike tu.

Milango ya kuingilia ni mingi, na usimpe yote, mpe miwili achague. Kasisi wa jeshi ndiye mwenye usiri mkubwa kuliko wote: analoambiwa halitoki hata kwa amri, na haulizi dini yako. Kuna washauri nasaha wa familia wanaozunguka kambini, wanaitwa MFLC. Ni raia, hawaandiki faili, na wanaweza kukutana nanyi hata kwenye benchi la uwanja. Kuna Military OneSource, simu 800-342-9647, saa 24, ambao hutoa vikao hadi 12 bila malipo kwa tatizo moja, na ukiona Kiingereza kinakukwaza unaweza kuomba mkalimani. Lakini nikuambie ukweli, washauri hawa hawatibu kiwewe. Ni mlango, wanamsikiliza mtu na kumpeleka panapotibiwa. Kama hataki kabisa jeshi lijue, mahali ninapopapenda mimi ni Vet Center, vituo vya ushauri vya idara ya wastaafu wa jeshi. Viko zaidi ya 300 nchini, viko mtaani nje ya kambi, vinatibu kiwewe kwelikweli, vinampokea hata askari aliye kazini ikiwa amehudumu eneo la vita, na kumbukumbu zake haziendi jeshini bila idhini yake. Wewe pia wanakupokea.

Njia nyingine ambayo wengi hupita bila kujua ni daktari wake wa kawaida wa kambini. Aende kwa ajili ya mgongo, kwa kuwa hakuna dereva wa malori asiyeumwa mgongo, kisha aseme "na silali". Kliniki nyingi za jeshi sasa zina mtaalamu wa akili anayekaa humohumo ndani, kwa hiyo hakuna haja ya kuonekana anaingia jengo lile.

Ipo pia Sheria ya Brandon. Iliitwa kwa jina la Brandon Caserta, kijana wa Jeshi la Wanamaji aliyejiua huko Norfolk mwaka 2018, na wazazi wake wakahangaika mpaka ikapita mwishoni mwa 2021. Utekelezaji ulianza 2023. Kwa sheria hii askari anamwambia kamanda au msimamizi wake, wa daraja la E-6 (staff sergeant) kwenda juu, kwamba anataka kupelekwa kwa mtaalamu wa akili. Hadaiwi sababu. Kiongozi anapaswa kumwandikia rufaa haraka na kwa siri. Kwa anayemwamini sajenti wake, ni njia fupi.

Labda atakuuliza, au hatakuuliza lakini anawaza: huko ndani wanamfanya nini mtu? Wengi wanadhani watajazwa vidonge mpaka wawe kama mizoga. Matibabu yanayopendekezwa kwanza kwa askari na wastaafu ni ya mazungumzo, na yana mwisho. Moja hufanywa kwa vikao kama 12. Unachukua fikra iliyoganda, kwa mfano "ningepunguza mwendo, yule mwenzangu angekuwa hai", unaiandika kwenye karatasi, na wiki hadi wiki unaipima kama hakimu anavyopima ushahidi. Nyingine huchukua vikao 8 hadi 15. Mtu anafumba macho na kusimulia siku ile kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha anarudia. Mara ya kwanza anatoka jasho shati lote. Kufikia mara ya sita anasimulia na kuna mahali anasimama anasema, "Kumbe muda wenyewe ulikuwa mfupi hivyo." Kumbukumbu inakuwa habari ya zamani badala ya kitu kinachotokea leo.

Kwa dereva kuna na kazi ya nyumbani. Kama shemeji anahama njia akikaribia daraja la juu, au anaendesha katikati ya barabara akikwepa takataka za pembeni kana kwamba zimeficha bomu (niulizie, naamini anafanya), basi mtaalamu atampangia: wiki hii daraja dogo Jumapili asubuhi, wiki ijayo lile kubwa. Anakaa chini yake mpaka moyo urudi mahali pake. Vidonge vipo kwa anayevihitaji, vinasaidia, na anaweza kuvikataa. Akipewa dawa za kutuliza za jamii ya Valium kwa ajili ya kiwewe, aulize maswali, maana mwongozo wa madaktari wa jeshi na wa wastaafu unashauri zisitumike kwa ugonjwa huu, na kuchanganya na bia ni hatari.

Bia zenyewe usizipigie kelele kwanza. Ndizo dawa yake ya usingizi kwa sasa. Akianza kulala, mtazizungumza.

Sasa lile la hatari. Muulize kama ana mawazo ya kujiua. Uliza wazi, kwa neno lenyewe: "Umewahi kuwaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna mtu amelitamka. Kama kuna bunduki nyumbani, na Texas zipo nyumba nyingi, ombeni itunzwe nje ya nyumba kwa miezi hii, kwa rafiki au sehemu ya kuhifadhi silaha kambini. Isipowezekana, kabati la chuma, risasi pengine, ufunguo kwako. Zaidi ya nusu ya askari wanaojiua hutumia bunduki, na wimbi lile la kutaka kufa mara nyingi hupita katika muda mfupi, kama hakuna kitu mkononi. Usimwambie "nakunyang'anya". Mwambie, "Hulali, na mtu asiyelala hakabidhiwi silaha hata kwenye lindo." Hilo askari analielewa.

Akisema ndiyo, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, piga 988 kisha bonyeza 1. Ni simu ya dharura ya wastaafu na askari walio kazini, usiku na mchana, na wewe mke unaweza kupiga kwa niaba yake. Akiwa na silaha mkononi, toka na watoto upige 911. Huo ndio wakati wa kumtafuta hata kamanda, kasisi, yeyote, na lawama zitakuja baadaye mtu akiwa hai. Na akikuinulia mkono, Mama Neema, usiuite ugonjwa ukavumilia. Tafuta ofisi ya utetezi wa familia kambini. Unaweza kupewa ushauri na tiba bila kesi kufunguliwa, ukichagua hivyo mapema kabla hujamwambia kiongozi wake. Lipo na hili: kwa sheria ya shirikisho tangu 1996, aliyehukumiwa kwa kumpiga mke haruhusiwi kushika silaha, na askari asiyeshika silaha hana kazi.

Kaka yake wa Moshi mpigie tena. Maombi aendelee nayo, mimi mwenyewe naomba. Lakini yeye ana neno ambalo wewe huna. Akimpigia mdogo wake na kumwambia, "Ukitibiwa sisi nyumbani hatutakuona umeharibikiwa," atakuwa ameondoa mzigo ambao hakuna daktari wa Texas anayeweza kuufikia. Mwombe aseme hilo tu, bila kukutaja.

Siku atakayokubali, na inaweza kuwa baada ya wiki au baada ya miezi, uwe tayari: namba umeshaiandika, saa umeshaiulizia, mtu wa kukaa na watoto umeshampata. Utayari wa mtu wa namna hii hudumu saa chache. Mwache aendeshe mwenyewe. Chumba cha kusubiri atachagua kiti cha kona, mgongo ukutani, macho mlangoni. Kaa upande wake ule mwingine ili usimzibe. Akiitwa, ingia naye kama anataka, la sivyo subiri hapo nje. Kikao cha kwanza ni kirefu, chaweza kupita saa nzima, na mara nyingi ni maswali matupu ya kujuana, kwa hiyo anaweza kutoka akisema "hawana maana hawa". Usibishane. Mkiwa njiani muulize tu kama cha pili ni siku gani.

Niandikie ukishazungumza naye.